Pumba, Makapi na Daktari Burkitt

Katika lugha yetu kuna maneno mawili ambayo hakuna apendaye kuambiwa. La kwanza ni makapi, la pili ni pumba. Makapi hupeperushwa na upepo wakati wa kupepeta, na mtu aliyekataliwa na wenzake hujiita kwa jina hilo akiwa na uchungu. Pumba hubaki mashineni mahindi yakishakobolewa, zikawa chakula cha nguruwe na kuku. Na vijana wa siku hizi wakitaka kusema kwamba fulani anasema upuuzi, husema anaongea pumba. Sasa tazama ajabu hii, msomaji. Wataalamu wetu wa lishe walipotafuta jina la ile sehemu ya mmea ambayo tumbo la mwanadamu haliwezi kuisaga, sehemu ambayo wao wenyewe wanatuhimiza tuile kwa wingi, waliiita makapi-mlo. Ni sawa na kumwalika mgeni karamuni kisha kumtangaza mlangoni kwamba ni takataka.

Nimeanza na maneno kwa sababu nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na kazi ile haimtoki mtu. Hata hivyo dharau hii haikuanzia kwetu. Imo pia, imejificha vizuri, ndani ya kitabu kilichowafundisha watu wengi duniani kuiheshimu sehemu hiyo ya chakula. Kitabu chenyewe ni Don't Forget Fibre in Your Diet, cha daktari Denis Burkitt, kilichotoka Uingereza mwaka 1979. Jina lake latuambia tusisahau nyuzinyuzi katika chakula chetu. Nimekisoma mara tatu, na kila mara nimekipenda na kugombana nacho.

Huenda ukauliza kuna haja gani ya kugombana na kitabu cha zamani hivyo, ambacho mwandishi wake alifariki mwaka 1993. Haja ipo. Mengi unayoyasikia leo redioni na kliniki kuhusu nyuzinyuzi ni mawazo ya Burkitt yaliyopoteza jina la mwenyewe. Tena mawazo hayo yalichumwa kwetu. Ushahidi wake mkubwa ulitoka katika vijiji vya Afrika, na nikisema kweli yote, ulitoka vyooni mwetu. Mtu akiandika kitabu kwa kutazama choo chako, una haki ya kukisoma kwa makini.

Burkitt hakuwa mtu wa kubeza. Alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja angali mtoto wa shule, na pamoja na hayo akawa daktari wa upasuaji. Alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye Mulago, Kampala, hadi alipoondoka katika miaka ya 1960. Vitabu vya tiba vimelihifadhi jina lake kwa sababu ya ile saratani ya taya ya watoto ambayo aliiandikia mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kiasi cha maili 10,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi. Walipita hospitali 57, na kote wakauliza swali lile lile: je, mmewahi kuona watoto wenye uvimbe kama huu? Kutokana na majibu hayo akachora ramani ya ugonjwa, na ramani ile ikawaongoza watafiti wengine waliokuja baadaye. Kazi hiyo naisimulia kwa heshima hadi leo, maana ilifanywa kwa picha, kalamu na vumbi la barabarani.

Ugumu unaanza pale alipoichukua njia hiyo hiyo na kuitumia kwa maradhi ya namna nyingine kabisa. Baada ya kurudi Uingereza aliendelea kuwaandikia madaktari wa hospitali za misheni barani Afrika, akiwauliza wamepata wagonjwa wangapi wa kidole tumbo, wa bawasiri, wa mawe katika kifuko cha nyongo, wa saratani ya utumbo mpana. Majibu yalikuja kwamba ni wachache, au hakuna. Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, alikuwa ameona jambo hilo hilo na kuliandikia kitabu mwaka 1960. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake wakachapisha vipimo vya choo cha watu wapatao 1,200. Wanakijiji wa Uganda walionekana kutoa choo kizito zaidi ya mara tatu ya kile cha mabaharia wa Uingereza, na chakula cha watu wa vijijini kilipita tumboni kwa kiasi cha siku moja na nusu, wakati cha Waingereza kilikaa zaidi ya siku tatu. Hitimisho likawa kwamba mzungu ameugua kwa kukoboa nafaka zake, na Mwafrika amesalimika kwa kutokukoboa.

Sasa pima mwenyewe. Uvimbe wa taya ya mtoto haufichiki. Mama atambeba mwanawe hata siku tatu kumfikisha hospitalini, na mganga akimwona mara moja hatamsahau maisha yake yote. Bawasiri je? Ni mzee gani wa miaka ya 1960 angetembea maili 30 akamwonyeshe mhudumu wa kike wa misheni sehemu ile? Ugonjwa wa kuonea haya haufiki kwenye daftari la hospitali, na usipofika kwenye daftari hausemwi katika barua kwenda London. Tena saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa uzeeni zaidi, na hospitali nyingi za nyakati zile zilijaa watoto wenye malaria na akina mama wa kujifungua. Wazee walifia nyumbani, na sababu ya kifo ikawa tumbo, au mkono wa mtu. Burkitt alijua baadhi ya udhaifu huu na akajitetea, lakini anajitetea haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anakodaiwa.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mdogo wangu aliyenifuata ziwa alilima na kula alicholima maisha yake yote: dona, maharage, kunde, mchicha, magimbi, maboga na majani yake. Mkate wa dukani aliula akija kunitembelea. Alianza kutokwa damu chooni, akakaa na siri hiyo zaidi ya mwaka, hata mkewe asijue. Alipokwenda hospitali, ambayo sitaitaja, aliambiwa ni bawasiri na akapewa dawa ya kupaka; na aliyempa akaongeza kwa kumfariji kwamba ule ugonjwa mwingine hauwapati watu wa shamba. Ulikuwa ndio huo huo. Tulimzika mwaka 2019.

Simsingizii Burkitt kifo cha ndugu yangu. Tofauti aliyoiona ilikuwapo, na hadi leo saratani hii inawapata watu wa Ulaya na Marekani kwa wingi kuliko sisi. Ila kitabu chake kina tabia ya kuteleza kutoka neno wachache hadi neno hakuna, na yule mhudumu aliyemfariji mdogo wangu alikuwa ameteleza palepale, ingawa sidhani kama aliwahi kukiona kitabu chenyewe. Mwandishi anayetoa ahadi za afya hapana budi aache nafasi katika sentensi zake kwa ajili ya mtu aliyekula vizuri na bado akaugua. Katika kurasa za Burkitt mtu huyo hana pa kukaa.

Sasa nirudi kwenye ile dharau niliyoitaja mwanzoni. Ukikisoma kitabu kwa utulivu utaona kwamba, pamoja na sifa zote, nyuzinyuzi ndani yake ni ufagio. Zinaongeza uzito wa choo, zinakilainisha, zinakisukuma kitoke upesi, na hivyo mtu hajikamui, mishipa yake haivimbi, na sumu haikai ndani. Ndiyo maana ya thamani yake yote: yaingia na kutoka, na ikitoka imeondoka na uchafu. Bakteria wa tumboni wanatajwa katika maandishi ya Burkitt, lakini zaidi kama watuhumiwa, wanaoigeuza nyongo kuwa kitu cha kudhuru, na kazi ya ufagio ni kuwawahi. Ni maelezo ya fundi wa mabomba, naye fundi hodari. Kwa mwenye choo kigumu yanafaa hata leo.

Lakini kumbe chakula hicho tunachosema hakisagiki kinasagika sana, ila si na sisi. Mwili wa mtu una vimeng'enya visivyofika hata 20 vya kuvunja wanga na jamii yake. Bakteria mmoja tu wa utumboni, aitwaye Bacteroides thetaiotaomicron, anavyo zaidi ya 200. Na bakteria hawa si kikundi kidogo. Hesabu iliyofanywa mwaka 2016 iliwakadiria kuwa trilioni 38 katika mwili wa mtu mzima, wengi mno kati yao wakiwa katika utumbo mpana, ilhali chembe za mwili wenyewe ni kama trilioni 30. Ngozi ya kunde na ganda la mtama, ambavyo sisi tumevishindwa, huwafikia wao vikiwa vizima. Huvichachusha gizani, kama vile ulezi unavyochacha katika chungu cha togwa, na katika kuchachusha hutoa asidi ndogo ndogo ambazo utumbo huzinyonya. Mojawapo huitwa butireti. Chembe zinazotanda ukuta wa utumbo mpana hupata takriban asilimia 70 ya nguvu zao kutoka kwa hiyo butireti. Kwa maneno mengine, ukuta huo haungojei sana damu iulishe. Hulishwa na wapangaji wake, na wapangaji hulishwa na kunde zako. (Hutoa pia gesi. Kila aliyewahi kulala bwenini baada ya mlo wa maharage anaujua ushahidi huu, wala hahitaji mtaalamu.)

Na wapangaji wakinyimwa? Mwaka 2016 watafiti walichapisha habari za panya waliolishwa chakula kisicho na nyuzinyuzi. Bakteria wao hawakufa njaa kimya kimya. Waligeukia ute unaoufunika utumbo kwa ndani, wakaanza kuula, na ute ukawa mwembamba hata vijidudu vya maradhi vikapita kwa urahisi. Mwaka huo huo watafiti wengine walionyesha kwamba panya wakinyimwa nyuzinyuzi vizazi kadhaa mfululizo, baadhi ya jamii za bakteria hutoweka kabisa, na kurudisha chakula peke yake hakuzirudishi. Panya si watu, najua. Lakini nina wajukuu wanne Dar es Salaam ambao chakula chao cha jioni ni chipsi na mayai, na habari ile ya vizazi haikunifurahisha.

Hapa ndipo naona kosa kubwa zaidi la kitabu, kubwa kuliko lile la madaftari ya hospitali. Ukishaamini kwamba nyuzinyuzi ni ufagio, ufagio wowote utafaa. Burkitt alitazama sahani ya mwanakijiji wa Uganda, yenye ndizi, viazi vitamu, maharage, njugu na majani ya kila aina, akarudi kwao akawahimiza wananchi wenzake wale mkate wa ngano isiyokobolewa na kunyunyiza pumba za ngano juu ya uji. Sahani nzima ilikwenda Uingereza ikafika kijiko kimoja cha pumba. Mwaka 2000 ulitangazwa uchunguzi wa Arizona wa watu 1,429 waliokuwa wametolewa vinyama vya utumboni ambavyo huweza kuwa saratani. Baadhi walikula pumba za ngano kwa wingi kila siku, wengine kidogo sana. Baada ya takriban miaka mitatu vinyama vilikuwa vimewarudia sawasawa. Watu wengi wakasema Burkitt amekwisha. Miaka mitatu baadaye, uchunguzi mwingine wa watu zaidi ya nusu milioni katika nchi kumi za Ulaya ukaonyesha kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi kutoka katika vyakula vyao vya kawaida walipata saratani ya utumbo mpana kwa uchache zaidi. Sioni mgongano mkubwa hapo. Wa kwanza walipewa ufagio, wa pili walikuwa wakila chakula.

Kuna na jambo la kiporo, ambalo mtu wa Ulaya asingeliona kwa urahisi. Ugali au wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hujifunga upya ikawa ngumu kwa vimeng'enya vyetu, na hivyo hushuka hadi utumbo mpana na kuliwa na bakteria kama nyuzinyuzi zilivyo. Kwa hiyo ugali wa jana uliolala sufuriani hauwi sawa kabisa na ugali wa moto, ingawa unga ni ule ule. Hesabu ya nyuzinyuzi peke yake haikuweza kuona tofauti hii. Bibi zetu walikula kiporo asubuhi kwa sababu hapakuwa na kingine, na sitawapachika hekima ambayo hawakuidai.

Wala nisikaribishe uchangamfu wa upande wa pili, ule wa kuimba dona kana kwamba ni dini. Katika chuo nilichokiongoza, wanachuo waliniandikia barua ya kukataa dona wakisema ni chakula cha wafungwa. Niliwajibu kwa barua ndefu, nikaendelea kuwapikia, na wakaendelea kununua maandazi getini. Lakini dona ina matatizo ya kweli. Kiini cha mahindi kina mafuta, kwa hiyo unga wake huharibika upesi. Tena mahindi yaliyopata kuvu wa sumukuvu, sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kukoboa hupunguza sehemu ya hatari hiyo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Anayekuhimiza ule nafaka nzima bila kukuuliza umeikausha na kuihifadhi vipi, amesoma nusu ya somo.

Ikiwa Burkitt aliiona sahani yetu kutoka dirishani, ni haki kutaja walioingia jikoni. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kubadilishana vyakula kati ya Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini. Kwa wiki mbili Wamarekani walilishwa chakula cha kijijini cha Afrika, na wale wa Afrika wakalishwa nyama na mafuta ya Kimarekani. Butireti ilipanda kwa Wamarekani na kushuka kwa Waafrika, na ukuta wa utumbo wa kila kundi ukaanza kufanana na wa mwenzake. Walibadilisha mafuta na nyuzinyuzi kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kujua kila kimoja kimefanya kiasi gani, lakini wiki mbili ni muda mfupi kiasi cha kutisha.

Na mwaka 2025 ikaja kazi iliyofanyika kwetu Kilimanjaro, na watafiti wa Moshi pamoja na wenzao wa Uholanzi. Walichukua wanaume 77 wenye afya. Wa kijijini waliokula ndizi, maharage, mtama na mboga walihamishiwa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili. Baadhi ya wa mjini walihamishiwa chakula cha kijijini. Wengine walikunywa mbege kila siku kwa wiki moja. Walichopima hasa ni damu. Kwa waliohamia chakula cha Kizungu, dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani zilipanda na chembe za kinga zikawa dhaifu zaidi mbele ya vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na hata wale wa mbege, walielekea upande wa pili. Baadhi ya mabadiliko yalikuwapo bado wiki nne baada ya jaribio. (Sitaki wanywaji waukate ukurasa huu na kuubandika ukutani baani, ilikuwa wiki moja, tena kwa vipimo.)

Ninachopenda katika kazi hii ni kwamba haikuuliza Mwafrika anakula nyuzinyuzi gramu ngapi. Iliuliza nini hutokea kwa mtu anayehama kutoka chakula fulani chenye jina kwenda chakula kingine chenye jina. Ina upungufu wake: wanaume peke yao, vijana, wazima, na siku chache. Mke wangu alipoisikia aliuliza mara moja kwa nini wapishi hawakupimwa. Wanawake wajawazito, watoto wanaoachishwa ziwa, na wazee wenye kisukari kama mimi bado tunangoja zamu yetu, na chakula cha Pwani, cha Usukuma na cha Uhaya si cha Uchaga.

Kitabu cha Burkitt ningemshauri msomaji akitafute na akisome hadi pale anapoeleza vipimo vya choo, sura za mtu aliyejua kutazama kile ambacho wenzake walikionea kinyaa. Akifika kwenye mashauri ya pumba anaweza kuruka kurasa. Nakala yangu ina maandishi ya penseli pembeni, mengi ya hasira. Na kwa wale wanaotunga istilahi zetu za lishe nina ombi dogo: waendelee na nyuzinyuzi kama watu wanavyosema mitaani, au watafute jina jingine lolote, ila makapi wayaachie upepo.